Jina Nililokunyima

Furaha mwanangu,

Umekwenda kusuka nywele kule Naviundu, na kwa jinsi ninavyowajua wasusi wa huko, hutarudi kabla ya jua kushuka. Mama yako yuko uani anakaanga samaki wako wa njiani. Mimi nimefunga atelie yangu ya ushonaji mapema, na majirani wameshangaa, maana Ijumaa sijawahi kufunga hata siku ya harusi yangu mwenyewe. Nimekaa kwenye meza ya kukatia, nimesogeza mkasi na chaki pembeni, na nimechana kurasa za katikati za daftari la vipimo vya wateja. Barua hii nitaiweka juu ya mto wako. Naomba uisome leo, usingoje mpaka ufike Dar es Salaam.

Mambo ya safari sitayagusa. Mama yako amekueleza namna ya kuficha pasi, nani wa kumpigia simu ukifika Kasumbalesa, na usile nini mkifika Tunduma. Amekueleza mara nne, na ile ya nne mimi mwenyewe nilikuwa nimeshaikariri. Wala sitakufundisha Kiswahili cha huko. Watakucheka siku ya kwanza utakaposema kitu iko muzuri, waache wacheke, watazoea. Unaona mwenyewe ninavyojikaza hapa kuandika kile masista walichotufundisha shuleni, na jasho linanitoka.

Nina jambo moja tu la kukuambia, na nimelikwepa tangu mwaka jana. Ulipokuja kuniona hospitalini ukakuta kifua changu kimefungwa bandeji, nilikuambia ni jipu. Halikuwa jipu. Ilikuwa kansa ya titi. Ndiyo, umesoma vizuri: titi, na ni mimi, baba yako mwenye ndevu. Na kile kidonge ninachomeza kila asubuhi na chai si cha presha.

Sasa pumua. Niliwahi. Walikata, walinitibu, na kila baada ya miezi michache ninarudi waniangalie, na mpaka leo hawajaona kitu. Mimi nakula, nashona, na nabishana na wateja kama kawaida. Nisingekusumbua usiku wa mwisho nyumbani kwa habari ya kovu langu. Ninakuandikia kwa sababu kile kilichonipata mimi huenda nimekupa na wewe, tangu ulipotungwa tumboni mwa mama yako, na nimekuficha.

Nianze na dada yangu.

Picha yake unaijua, ile ya sebuleni, mwanamke mnene kidogo anayecheka kabla mpiga picha hajawa tayari. Shangazi yako Mwange alikuwa analeta samaki wakavu kutoka Pweto, magunia kwa magunia, na harufu yao ilifika nyumbani kabla yake. Watu walipoziba pua alisema, "Muzibe tu, lakini jioni mutakuja kula." Cherehani yangu ya kwanza ni yeye aliyeninunulia. Kwa hiyo nguo zake zote nilizishona mimi, na hakukubali fundi mwingine amguse.

Siku moja alikuja atelie na blauzi niliyomshonea kwa ajili ya Pasaka. Akaiweka mezani, akasema akiangalia barabarani:

"Ilunga, unipanulie hapa. Ku huu upande tu."

Upande mmoja tu. Furaha, mtu hanenepi upande mmoja. Fundi wa mwezi mmoja angejua, na mimi nilikuwa fundi wa miaka kumi. Lakini alikuwa dada yangu mkubwa, na kwetu mwanaume hamuulizi dada yake habari za kifua chake. Nikafumua, nikapanua, nikapiga pasi, nikamkabidhi. Baada ya miezi akarudi nayo. "Tena kidogo," alisema. Nikapanua tena. Safari hiyo niliona doa kwenye kitambaa cha ndani, nikalifua mwenyewe kwa sabuni ili mafundi wenzangu wasilione. Nilidhani ninamtunzia heshima.

Alipokubali kupelekwa hospitali, ugonjwa ulikuwa umeshafika kwenye mapafu. Alikufa kabla ya mvua kuisha. Mama yako alikuwa na mimba yako ya miezi saba, na akaketi matangani miguu imevimba, mikono miwili juu ya tumbo.

Kuhusu kifo chake nimejisamehe nusu tu. Sikuwa daktari, ni kweli. Lakini nilikuwa mtu wa kwanza katika dunia hii kujua kwamba kifua cha dada yangu kinabadilika, nilikuwa na kipimo chake kwenye daftari, na nilichofanya ni kuongeza kitambaa.

Sasa nije kwenye jina lako.

Unajua kwetu mtoto hapewi jina kutoka hewani. Anapewa jina la mtu wa familia, na huyo mtu ndiye majina yake, somo wake. Akiwa hai wanataniana kama watu wa rika moja. Akiwa amekufa, mtoto anapewa kitu chake, na wazee wanamwamkia kwa heshima ya yule aliyetangulia. Dada yangu alichukua jina la bibi yetu, mama wa baba yangu. Na yule bibi Mwange alikufa kwa titi, ingawa zamani hizo walisema tu kwamba alikuwa na kidonda kisichopona.

Basi mimi nilikaa na huzuni yangu, nikaunganisha mambo. Mwange wa kwanza, titi. Mwange wa pili, titi. Nikaamini kwamba ugonjwa unatembea na jina. Usicheke. Au cheka, lakini kumbuka nilikuwa nimetoka kumzika.

Ulipozaliwa, mama yangu, bibi yako uliyemwita kambo, alikuja maternite ulikozaliwa na liputa ya dada, kitenge chake, imekunjwa kwenye mfuko, ile ya rangi ya bluu yenye ndege. Akakupokea, akakutazama usoni, machozi yanamtoka, akasema:

"Mwange amerudia kwetu."

"Hapana, mama," nikasema. "Huyu tutamuita Furaha."

"Furaha ni jina ya nani? Nani mu famille aliitwaka Furaha?"

"Hakuna. Ni yake yeye mwenyewe."

"Mutoto wa hakuna muntu?" aliuliza.

Akarudisha liputa kwenye mfuko, akakurudisha kwa mama yako, akasema anakwenda kuteka maji. Na mimi siku ile ile nikakimbia ofisi ya komini kukuandikisha, nikakimbia parokia, ili lisibadilishwe tena.

Sababu sikumwambia. Nilishindwa. Ningewezaje kumwambia mama kwamba jina la mama mkwe wake na la binti yake aliyetoka kumzika lina ugonjwa ndani? Nikanyamaza, na yeye akajitafutia sababu yake mwenyewe: kwamba nilimwonea dada aibu, muuza samaki, kwa kuwa mimi sasa ni fundi wa mabibi wa mjini. Akanyamaza na yeye. Na wewe ukakua katikati ya huo ukimya.

Ulikuwa na miaka minane uliponiuliza, "Papa, juu ya nini kambo haniite na jina yangu? Anasema tu mutoto, mutoto." Nikakujibu kwamba kambo amezeeka, anasahau majina. Bibi yule aliyekuwa anakumbuka kila kituo cha treni kutoka hapa mpaka Kamina, kwa sababu mume wake aliendesha treni na yeye alihesabu vituo akimsubiri! Niliona hukuamini. Niliona pia kwamba tangu siku hiyo uliacha kukaa karibu naye jikoni. Uliamua hakupendi, na mimi nikakuacha uamini hivyo, kwa sababu ilikuwa rahisi kwangu.

Miaka ilipita. Kambo alikufa, unakumbuka. Mwaka jana nikawa ninajishonea shati, lile jeupe la mistari. Kitu kigumu kilikuwa chini ya chuchu yangu ya kushoto, kama punje ya mahindi, na kwa miezi mitatu nilikuwa ninajiambia ni mkanda wa begi unanisugua. Nikapima, nikakata, nikaunganisha, nikalivaa mbele ya kioo. Mfuko wa kifuani ulikaa vizuri mno. Nikalivua nikaligeuza kuangalia mshono, ndipo nikaona nilichofanya bila hata kufikiri: nilikuwa nimejipanulia upande wa kushoto vidole viwili. Upande huo tu.

Nikaweka mkasi chini. Nililia, mwanangu, peke yangu ndani ya atelie, na mteja aliyebisha hodi nilimwambia nimechomwa na sindano. Kesho yake nilimwambia mama yako, na kesho kutwa tulikuwa hospitali.

Daktari alikuwa mwanamke kijana, mtoto wa Likasi, anacheka upesi. Alipoona ninaongea kidogo aliniuliza kama kuna mwingine katika familia. Nikamwaga yote: bibi, dada, jina, wewe, jinsi nilivyokuokoa kwa kukupa jina la hakuna mtu. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Na weye, papa, unaitwa nani?"

"Ilunga."

"Kuko Ilunga mwingine mu famille alikufa na hii ugonjwa?"

"Hakuna."

"Sasa kwako jina iliingilia wapi?"

Miaka ishirini na mmoja nilikuwa nimelishikilia lile wazo, nimemuumiza mama yangu kwa ajili yake, nimekuumiza wewe, na swali moja tu likalimaliza. Ningefurahi kukuambia kwamba nilijisikia huru. Nilijisikia mjinga, na nilitaka mama yangu afufuke kwa dakika tano.

Akanieleza, na mimi nakueleza nilivyoelewa. Mwili umejengwa kwa seli, vitu vidogo visivyoonekana kwa jicho, na ndani ya kila seli mna maagizo ya kazi yote. Sehemu za maagizo hayo ndizo wanaziita jeni. Seli zinazeeka, kwa hiyo zinagawanyika kutengeneza nyingine, na kila zinapogawanyika lazima maagizo yote yanakiliwe upya. Katika kunakili, makosa yanatokea.

Hapo nilimwelewa kabla hajamaliza, kwa sababu makosa ya kunakili ndiyo yaliyoniletea aibu kubwa ya maisha yangu. Unakumbuka zile sare za shule yenu ulipokuwa darasa la tano? Patroni ya kola, ile karatasi ngumu ya kukatia, ilikuwa inaning'inia kwenye msumari wake. Mimi kwa haraka nikachukua kola iliyokwisha katwa nikaifanya patroni, na ya pili nikaikata kwa ya kwanza, ya tatu kwa ya pili. Kila moja ilipoteza upana wa chaki tu. Mwishoni kola hazikufunga. Wasichana wote mlisimama mstari wa asubuhi mmekabwa shingo, na wewe ukakataa kusema fundi ni baba yako.

"Njo vile," daktari alikubali nilipomsimulia, akacheka. Lakini akaongeza kwamba kosa moja halileti kansa. Mwili unakosea kila siku na kila siku unajisahihisha. Kuna jeni ambazo ni wakaguzi: zinatafuta palipokosewa na kupatengeneza, na ikishindikana seli inaamriwa isimame, au ife. Kansa inaanza pale ambapo makosa kadhaa yanakutana ndani ya seli moja. Moja linaifanya izidi kugawanyika, jingine linazima amri ya kusimama, jingine linawaondoa wakaguzi. Hiyo seli inazaa nyingine zenye makosa yale yale, na hizo zinazaa, na miaka inaweza kupita kabla mtu hajagusa uvimbe. Makosa mengi tunayaokota njiani, kwa moshi wa sigara, kwa jua, kwa pombe, kwa kuzeeka, au kwa bahati mbaya tu. Wagonjwa wengi hawakurithi kitu.

Sisi tumerithi. Walipeleka damu yangu nje ya nchi, na jibu likarudi: mkaguzi mmoja katika mwili wangu nilizaliwa naye akiwa ameharibika. Kila mtu anapewa wawili wa kila aina, mmoja wa baba na mmoja wa mama. Mimi niliishi kwa yule mzima, mpaka katika seli moja ya kifua changu na yeye akaharibika. Baba yangu hakuwahi kuumwa, aliendesha treni mpaka pensheni. Lakini kwa jinsi daktari alivyoichora familia yetu, ni lazima kosa hilo lilipita kwake kutoka kwa mama yake, likaja kwa dada na kwangu. Wote tulitazama wanawake na majina yao. Hakuna aliyefikiri kuwauliza wanaume.

Na wewe? Wewe ni nusu kwa nusu. Mtoto anapokea mmoja wa wakaguzi wangu wawili, mzima au mbovu, na mimi sikuwa na mkono katika kuchagua. Yupi ulimpata, damu yako tu ndiyo inajua. Kama ulimpata mbovu, hiyo si kansa. Mkaguzi wa mama yako yupo kazini. Wapo waliorithi hivyo wakazeeka bila kuumwa, kama babu yako. Ila hatari yako itakuwa kubwa kuliko ya wenzako, na madaktari watataka kukuangalia mapema na mara kwa mara, ili kitu kikitokea kikutwe kidogo. Dada hakuwa na nafasi hiyo. Wewe unayo.

Karatasi ya majibu yangu nimeiweka ndani ya bahasha, kwenye mfuko wa pembeni wa sanduku lako. Daktari anasema huko Dar ukiionyesha hospitali kubwa watajua cha kutafuta. Sikuamrishi upime. Una miaka ishirini na miwili, na huenda utataka kwanza umalize mwaka wa masomo huko, au utataka kwenda wiki hii hii, au utanikasirikia kwanza kwa mwezi mzima, na haki hiyo unayo. Ninakuomba moja tu. Usije ukakubali fundi yeyote akupanulie nguo upande mmoja. Siku kitu kitabadilika mwilini mwako, usimpelekee mtu wa mkasi na uzi, hata akiwa baba yako.

Utauliza kwa nini nilisubiri mpaka leo. Niliogopa. Niliogopa utaiacha safari ubaki kunitazama nikimeza vidonge. Niliogopa pia kwamba kijana fulani atasikia na kwao watamkataza kukuoa, na hilo ni jambo la kijinga, kwa sababu kijana wa kukatazwa hatufai. Wiki iliyopita nilikuwa nimeshaamua kunyamaza. Ni mama yako aliyeniwekea sahani mezani akabaki amesimama.

"Papa Furaha," alisema, "mutoto akienda bila kujua, miye sitakusamehe. Na yeye vilevile."

Akakaa akala. Nimeishi naye miaka ishirini na mitano na bado anaweza kunitisha akiwa ameshika kijiko.

Kuna kitu cha mwisho. Wiki moja kabla ya kufa, kambo aliniita kitandani kwake. Kutoka chini ya mto alitoa ile liputa ya bluu yenye ndege. Ameitunza miaka yote ile, ameifua, ameikunja, haijavaliwa na mtu tangu dada afe. "Siku utamupatia jina yake," aliniambia, "umupatie na hii." Hata hapo sikumweleza. Nilisema tu ndiyo, mama. Alikufa akiamini nilimwonea aibu binti yake, na hilo linaniuma kuliko kovu langu.

Mwanangu, kambo alikupenda. Hakutaka kukuita jina la hakuna mtu wakati alikuwa na jina tayari kwa ajili yako, na alisubiri. Mimi ndiye niliyemsubirisha, na nilikosea.

Liputa iko chini kabisa ya sanduku lako. Nimekuwa nayo miaka mitatu katika atelie na sijaigusa kwa mkasi. Furaha ni jina zuri, limekulea, liko kwenye pasi yako, litumie ukipenda mpaka uzeeke. Lakini lile jingine lilikuwa lako kabla yake, na halina ugonjwa. Halijawahi kuwa nao.

Kesho asubuhi utapanda basi na mimi nitakuwa chini, na unajua sipendi kupunga mkono. Ukishaweka mguu kwenye ngazi, nitaita "Mwange", mara moja, kwa sauti, mbele ya watu wote. Ukipanda bila kugeuka, nitaelewa, na nitakupigia jioni kumuuliza Furaha amefika wapi. Ukigeuka, mama yangu atakuwa amesubiri vya kutosha.

Nasikia geti. Umerudi, na unamwambia mama yako kwamba wamekukaza sana nywele.

Papa yako,
Ilunga